Macho ya Mama Masanja

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye sokoni au nje ya kanisa ananiuliza lile lile: "Katekista, kumbe kweli ulikwenda machimboni na shehe?" Wengine wanauliza kwa kucheka, wengine kwa wasiwasi, na mke wa jirani yangu alitaka kujua kama nimesilimu. Sijasilimu. Nimeamua kuandika ili nisimulie mara moja, kisha mniache nikapalilie mpunga wangu. Habari za kutafuta barua ya mwenyekiti wa mtaa na ruhusa ya paroko naziruka, kwa sababu hazina utamu wowote.

Tuliyekuwa tunampeleka

Mnajua wenyewe kwamba miaka hii huku kwetu bibi akizeeka na macho mekundu hana amani. Hakuna anayetaka kukumbuka kwamba kuni zimekwisha, na kwamba bibi huyo amepikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote ndani ya nyumba isiyo na dirisha la kutoa moshi. Watu wanasema tu kwamba ni mchawi. Mama Masanja aliamka asubuhi moja akakuta panga lililonolewa limelazwa mbele ya mlango wake, akaelewa. Alitembea siku mbili mpaka kanisani kwetu Shinyanga mjini, na kitu pekee alichobeba kilikuwa kibuyu cha maji.

Niseme ukweli wangu, maana bila huo hakuna haja ya kusimulia. Nilipomwona niliogopa. Mimi niliyevaa rozari shingoni, mimi ninayewafundisha watoto Baba Yetu, niliongea naye huku nikitazama pembeni. Nikamwambia kwamba parokia haina chumba cha kumweka mwanamke, na nilishukuru moyoni kwamba ilikuwa kweli.

Aliyempokea ni Ustadhi Ramadhani, mwalimu wa madrasa. Tulikuwa pamoja katika kamati ya watu wa dini hapa mjini, kamati ambayo mpaka siku hiyo kazi yake kubwa ilikuwa kunywa chai na kukubaliana kwamba amani ni kitu kizuri. Mkewe alimpa bibi chumba cha uani. Sasa, Mama Masanja si Mkristo wala si Mwislamu. Yeye anawaheshimu wazee wake waliotangulia, basi. Kila kulipokucha alitoka na kibuyu, akanawa macho kwa maji ya baridi, kisha akanyunyiza kidogo chini kwa ajili ya hao wazee, pale pale uani kwa mwalimu wa madrasa. Ustadhi hakumkataza. Aligeuka tu akatazama ukuta.

"Ukuta wangu nimeujua vizuri siku hizi," aliniambia. "Kuna ufa nilikuwa sijauona."

Lakini kilichomuuma yule mama hakikuwa panga. Mwanawe wa pekee, Masanja, alifiwa na binti yake mdogo. Akaenda kwa mganga, na mganga akamtaja mama yake mzazi. Masanja akaondoka kwenda kuchimba dhahabu upande wa Geita bila hata kumuaga. Mchimbaji mmoja aliyerudi alituambia yuko kwenye machimbo yanayoitwa Kisima Kikavu. Tulimtumia salamu mara mbili, hakujibu. Ndipo bibi akatuita mimi na Ustadhi, akatuketisha.

"Wanangu, nipelekeni," alisema. "Sitaki ugomvi. Nataka aniamkie mbele ya watu kama mtu anavyomwamkia mama yake, au anikatae kwa mdomo wake mwenyewe. Nikishasikia moja, nitatulia."

Ustadhi akaniangalia. Nami safari hiyo sikuwa na chumba cha kusingizia.

Shinyanga hadi Isaka: lori lililobarikiwa kupita kiasi

Lori alitupa Mzee Jivan, yule Mhindu mwenye duka la jumla. Lilikuwa linapeleka chumvi na sabuni Segese. Asubuhi ya kuondoka mkewe alipanga ndimu chini ya magurudumu ili yazipasue, akalipaka lori unga mwekundu mbele, akatukabidhi kifurushi cha chapati nyembamba zenye majani ya uwatu na kopo la achari ya embe. Ustadhi akainua mikono akaomba dua ya msafiri. Mimi nikafanya ishara ya msalaba na kusoma Salamu Maria. Mama Masanja akachukua maji mdomoni akayapuliza kuelekea barabarani. Dereva wetu Bahati, ambaye ni mlokole, alikemea mapepo yote kwa jina la Yesu, na nina hakika kwamba katika mapepo hayo alituhesabu na sisi.

Kwa baraka zote hizo, nilitegemea lori lipae. Lilizimika kabla hatujafika nusu ya njia ya Isaka.

Bahati alikuwa amekataa bibi akae mbele. "Macho yale, Katekista, siwezi kuendesha yakiwa ubavuni kwangu," aliniambia kwa sauti ya chini. Ningemkemea, lakini nilijikumbuka nilivyotazama pembeni. Basi tulipanda nyuma wote watatu, tukakaa juu ya magunia ya chumvi, tukala chapati za mke wa Jivan. Achari ile ilikuwa kali mpaka Ustadhi akatokwa na machozi, na bibi akamwuliza anamlilia nani.

Lilipozimika, Bahati aliingia chini ya lori na spana. Mara tukasikia kelele. Bomba la dizeli lilikuwa limemmwagikia usoni, pamoja na vumbi lote la uvungu. Alitoka akipapasa, haoni, analia waziwazi. Mimi na Ustadhi tulisimama tukiulizana tufanye nini. Mama Masanja alishuka kwenye magunia polepole, kwa matako, kama wanavyoshuka wazee, akamkalisha Bahati kwenye tairi, akamshika kidevu. Akamwagia maji ya kibuyu jicho moja, kisha la pili, taratibu, huku akimpuliza na kumwimbia kitu kwa Kisukuma, wimbo wa kubembelezea watoto. Maji yalikuwa ya kunywa kwake mchana kutwa. Aliyamaliza yote.

Bahati alipoweza kufumbua macho, uso wa kwanza aliouona ulikuwa ule aliokuwa anaukimbia. Wala msidhani alimhamishia mbele. Tuliingia Isaka tukiwa juu ya magunia vile vile, tukivutwa na lori jingine kwa mnyororo. Lakini tulipofika alikwenda mwenyewe kununua chai ya maziwa, akaileta kwa mikono miwili, akaiweka karibu na bibi, akaondoka haraka.

Isaka: Ustadhi anakosa pumziko

Tulikaa Isaka siku mbili tukisubiri pampu ya lori ije kwa treni. Kama hamjafika pale, ni mahali ambapo treni inashusha na malori yanapakia, na madereva wa kila taifa wanasubiri mizigo ya kwenda magharibi. Kuna wanaosali upande huu wa lori na wanaoimba pambio upande wa pili, na jua linawapiga wote sawasawa.

Mama ntilie tuliyekula kwake, Mama Neema, alikuwa na tatizo. Mchinjaji wake alikuwa amesafiri msibani. Mama Neema ni Msabato, lakini kuku wake hawezi kuwachinja yeye, kwa sababu nusu ya madereva ni Waislamu na wasingewagusa. Alipoona kanzu ya Ustadhi karibu amkumbatie.

"Baba, nichinjie hawa wawili tu," alisema.

Wawili wakawa watano. Mama ntilie wa jirani akasikia, akaja na wake. Madereva wakaleta wa kwao. Mimi nikapewa kazi ya kushika miguu, na nawaambieni kuku wa Isaka wana nguvu. Ustadhi alielekea kibla, akataja jina la Mungu, akachinja. Mimi nikashika mwingine. Mpaka adhuhuri kanzu yake nyeupe haikuwa nyeupe tena, na hakuna aliyekuwa amempa hata kikombe cha chai.

"Katekista," alisema akijifuta jasho, "nimesoma miaka mingi ili niwe mwanachuoni. Ona nimekuwa nani."

Kisha tukakaa kula. Benchi moja Msabato, Waislamu, mimi Mkatoliki, Bahati mlokole, na Mama Masanja ambaye aliwadondoshea wazee wake kipande cha ugali chini ya meza. Wote tulikula kuku wale wale kutoka sufuria ile ile, na wala hakuna aliyeona ajabu ila mimi. Kamati yetu ilikuwa imekaa mwaka mzima ikitafuta jambo ambalo Mama Neema alilifanya kila siku kabla ya saa saba mchana, ili tu chakula chake kinunuliwe. Niliona aibu, na nilifurahi kuliko nilivyoona aibu.

Kuelekea Segese: mama wa nani?

Pampu ikaja, tukapita Kahama, barabara ya lami ikawa historia. Mvua ilikuwa imenyesha na udongo mweusi ulishika magurudumu. Kabla ya kufika Segese tukakuta gogo limelazwa njiani na wanaume wenye pinde na filimbi. Walikuwa sungusungu, jeshi la jadi la vijijini. Wanatafuta wezi wa ng'ombe, na sehemu nyingine wanatafuta pia wachawi.

Kiongozi wao, mtu mrefu mwenye koti la mvua, alizunguka lori. Akamtazama bibi, akayatazama macho yake kwa muda mrefu.

"Huyu bibi ni wa nani?"

"Ni mama yangu," alisema Ustadhi.

Tatizo ni kwamba na mimi, wakati ule ule, nilikuwa nimeshajibu, "Ni mama yangu." Hatukupanga. Sikujua mdomo wangu ungesema hivyo, na mpaka leo nikikumbuka najishangaa.

Wanaume wale wakaanza kunong'ona. Kiongozi akatazama kofia ya Ustadhi, akatazama rozari yangu. "Wewe Mwislamu, wewe Mkristo. Mmoja mrefu mweupe kama mtu wa Tabora, mwingine mfupi mweusi wa hapa hapa. Mama mmoja?"

Mama Masanja ndiye aliyejibu, kwa Kisukuma kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili sote tusikie: "Wote wangu. Nimebakiza mmoja, yuko machimboni. Ndiye ninayemfuata."

Sikuthubutu kuangalia pinde. Kisha yule mwenye koti akacheka, kicheko cha mtu aliyekumbushwa mambo ya nyumbani. "Hata kwangu wako hivyo hivyo," alisema. "Mkubwa ameitwa Yusufu, anafunga Ramadhani. Mdogo ameitwa Yosefu, ananililia suti ya Krismasi. Toeni gogo." Akainama mbele ya bibi. "Mwangaluka, mayu." Akamwamkia kwa Kisukuma kwa heshima zote, kama inavyotakiwa kumwamkia mama.

Tulipoanza kwenda, Ustadhi alivua kofia akajipepea, na mimi nikagundua nilikuwa nimeishika rozari mpaka imenichora kiganjani. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Mzigo wa Bahati ulipaswa kuishia Segese. Alishusha sabuni yote, lakini chumvi akaiacha.

"Nasikia huko mbele chumvi inauzika," alisema, bila kututazama. Kisha akafungua mlango wa mbele, akapangusa kiti kwa shati lake, akamsaidia Mama Masanja kupanda.

Kisima Kikavu: foleni

Tulifika machimboni asubuhi. Kitu cha kwanza ni sauti: mamia ya watu wanatwanga mawe kwa vyuma, hawapumziki. Cha pili ni vumbi. Limewafunika watu, maturubai, mbuzi, vikombe vya chai, mpaka usijue nani ni nani. Mashimo wanayoyaita maduara yako kila mahali, mengine hayazidi upana wa mlango, na watu wanaingia humo kwa kamba na kupotea. Nilisimama ukingoni mwa moja nikasikia nyundo chini kabisa, mbali, nikaogopa kama ninavyoogopa ninapoingia kanisani peke yangu.

Tulimwuliza kila mtu kuhusu Masanja. Hakuna aliyemjua. Kule watu wanaacha majina yao barabarani. Kuna Msumari, kuna Sitaki Shida, kuna Bwana Kesho. Tukamkalisha bibi juu ya gunia la chumvi kivulini mwa lori, tukapumzika tufikirie.

Baada ya muda mfupi akaja mwenye duara mmoja, akapiga magoti. "Shikamooni wazee. Duara langu limekufa, halitoi dhahabu mwezi wa pili sasa. Nimekuja mapema kabla hamjaelemewa."

"Kuelemewa na nini?" aliuliza Ustadhi.

"Na watu." Akaonyesha nyuma yake. Foleni ilikuwa imeshaanza. Mmoja ameshika jogoo, mwingine kanga mpya, mwingine mbuzi. Ndipo nikajitazama kwa macho yao: mwenye kanzu na kitabu, mwenye rozari na kitabu, na bibi mwenye kibuyu aliyewekwa juu ya chumvi katikati. Walidhani sisi ni waganga wa kufungua maduara.

"Dawa ya Kiislamu, ya Kikristo na ya kienyeji kwa pamoja," alisema yule bwana kwa unyenyekevu mkubwa. "Haijawahi kufika hapa. Na macho ya huyu mama tumeyaona. Macho ya namna ile ndiyo yanayoona chini ya ardhi."

Nilimtazama Ustadhi. Macho yale yale yaliyomletea panga mlangoni, hapa yalikuwa yameletewa mbuzi. Ustadhi alisimama akahutubia. Akasema sisi si waganga, akasema ramli ni haramu, akasema riziki inatoka kwa Mungu. Nikasimama nami nikasema hivyo hivyo kwa upande wetu. Walitusikiliza kwa adabu, hakuna aliyeondoka.

"Waganga wa kweli lazima wakatae kwanza," mtu mmoja alimweleza mwenzake.

Mama Masanja aliwaangalia tu mmoja mmoja wakisogea na kupiga magoti, naye anatikisa kichwa na kuwarudishia kuku zao. Wa sita au wa saba alikuwa mwanaume mwembamba, mweupe kwa vumbi toka nywele mpaka vidole, ana kuku mweusi kwapani. Alipiga magoti akiinamisha uso, kama watu wanavyofanya mbele ya mganga, akaanza kusema huku akitazama ardhi.

"Nina nuksi, mama. Nilifiwa na mtoto. Nikaondoka nyumbani vibaya, nilimwacha mtu vibaya. Tangu hapo silali, sili, na duarani sipati kitu. Nimekuja unioshe."

Niliona mkono wa bibi ukikamata kibuyu. Hakuuliza jina. Mama hahitaji kuambiwa jina la sauti ile. Akanyoosha mkono, akamshika kidevu kama alivyomshika Bahati, akamwinua uso.

Masanja alipomwona mama yake, kuku akamponyoka.

Alitaka kurudi nyuma, lakini bibi hakumwachia kidevu. Aliutazama uso ule wa vumbi kwa muda, akayatazama macho. Kisha akasema, si kwa hasira, kwa kumshangaa tu:

"Macho yako mekundu, Masanja. Na wewe umeanza lini uchawi?"

Nikageuka nikaitazama foleni. Mungu wangu. Wote. Yule mwenye jogoo, yule mwenye mbuzi, wale wanaotwanga, wale waliotoka shimoni wakifikicha kope: hapakuwa na jicho jeupe hata moja Kisima Kikavu. Nilimtazama Bahati, nikamtazama Ustadhi baada ya zile siku za vumbi, na najua na wao walinitazama mimi. Watu waliokuwa karibu walikuwa wamesikia. Nyundo za jirani zikanyamaza moja baada ya nyingine.

Masanja aligusa macho yake mwenyewe kwa vidole, kama mtu anayetafuta kidonda.

"Umesema nikuoshe," alisema bibi. "Inama."

Akainama. Mama Masanja akamwagia maji jicho la kwanza, taratibu, akipuliza, akimwimbia wimbo ule ule wa watoto. Tope jeupe likamshuka mashavuni. Akamwagia la pili. Masanja alikuwa analia sasa, mabega yanapanda na kushuka, na maji ya kibuyu na machozi hayakutofautishika. Nilipiga ishara ya msalaba bila kukusudia. Ustadhi pembeni yangu midomo yake ilikuwa inatembea, na safari hii hakugeuka kutazama kitu kingine.

Maji yalipokwisha, Masanja alibaki kwenye magoti. Watu wote wale wamesimama, na kuku na mbuzi zao.

"Shikamoo, mayu," alisema.

Bibi hakujibu. Nilidhani amesahau, nikadhani pengine imechelewa mno. Kumbe alikuwa anatutafuta sisi kwa macho, kwanza Ustadhi, kisha mimi.

"Mmesikia?" alituuliza.

"Tumesikia, mama," tulijibu wote wawili.

Ndipo akamgeukia mwanawe, akamwekea mkono kichwani juu ya lile vumbi, akasema, "Marahaba, baba. Marahaba."